Kabla ya Kununua Mashua, Chagueni Watu

Vijana kadhaa hapa Mbeya wanapanga safari ya tanga katika Ziwa Nyasa, kutoka Matema hadi Mbamba Bay, na swali ninalolisikia kila wanapokutana ni moja tu: mashua iwe ya futi ngapi? Nawapenda kwa moyo wao, lakini nadhani wameanzia mwisho. Kwanza mtu anajua anasafiri na nani, ndipo anatafuta chombo kinachowafaa.

Asitokee wa kuwaambia kwamba hili ni ziwa tu. Nyasa lina urefu wa karibu kilomita 580 na kina chake kinafika mita 700. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini mashariki, ambao ndugu zetu wa Malawi wanauita mwera, unalipuliza ziwa kwa urefu wake, na mawimbi yanafika huku kwetu yakiwa yamekomaa. Anayetoka Matema kwenda kusini anaubisha upepo huo, yaani anasonga dhidi yake kwa kupinda kushoto na kulia, kwa zaidi ya kilomita 200. Kushoto kwake ni milima ya Livingstone, imesimama wima majini. Sehemu nyingi hakuna ufuo wa kukimbilia, na kina kinaanza karibu mno na mwamba kiasi kwamba nanga inaweza kuning'inia bila kugusa chini.

Mitumbwi inayoleta vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe ni hodari kwa kazi yake, lakini haikuchongwa kwa kubisha usiku kucha. Hapa panatakiwa mkuku wa maana, yaani uti wa chini wa chombo, uzito uliokaa chini, na sitaha inayozuia wimbi lisijaze chombo. Na ukubwa? Tanga lisizidi lile ambalo mtu dhaifu kuliko wote chomboni anaweza kulishusha peke yake gizani, huku mwenzake amelala au anatapika. Kamba ikilowa fundo linakaza, vidole vimekufa ganzi, tanga linapiga kelele juu ya kichwa. Hapo futi kumi za ziada ni mzigo. Baharia Mwingereza Robin Knox-Johnston aliizunguka dunia peke yake bila kutia nanga bandarini, mwaka 1968 hadi 1969, kwa Suhaili, chombo cha futi 32.

Sasa watu. Marafiki walioshibana wananitia hofu zaidi ya upepo, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. Kwetu, tena, mdogo hamkatizi mkubwa. Nyumbani ni adabu njema. Chomboni ikubaliwe kabla ya kung'oa nanga kwamba yeyote akisema "tushushe tanga", linashushwa kwanza, maswali baadaye, hata kama aliyesema ni mdogo kuliko wote na nahodha ni mjomba wake.

Agosti 1979 dhoruba ilizikumba mashua za mashindano ya Fastnet, kati ya Uingereza na Ireland, wakafa washindani 15. Mashua kadhaa zilizoachwa na watu wake zilikutwa baadaye zingali zinaelea, ilhali baadhi ya waliozihama na kupanda mashua za mpira za kuokolea walipotea. Siwalaumu marehemu, usiku ule ulikuwa mkali mno. Ila nikisikia mtu anajadili mbao na misumari siku nzima bila kuuliza nani ataamua nini saa nane za usiku, nawakumbuka.

Vijana wetu waache fedha zao zikae kwanza. Wakodi chombo pale Matema, wachukue na mvuvi mwenyeji anayelijua ziwa, wakeshe majini usiku mmoja kwa zamu, kila mtu na jaketi okozi lake mwilini. Atakayesinzia kwenye usukani, atakayeficha woga wake, atakayevua jaketi kwa kuwa linambana, watamjua kabla ya alfajiri. Wakibaki wawili, basi watafute mashua ya watu wawili.