Sarada Devi Anastahili Zaidi ya Sentensi Moja

Nimesoma juzi makala ya Kiswahili kuhusu walimu wakuu wa Kihindu wa karne ya 19, na imenikasirisha. Ramakrishna ameelezwa kwa kirefu, mwanafunzi wake Vivekananda kwa kirefu zaidi, na Sarada Devi, mke wa Ramakrishna, amepewa sentensi moja: kwamba alikuwa mke mwema aliyempikia mumewe na kumwuguza mpaka alipofariki mwaka 1886. Mwandishi hakutaja kwamba baada ya kifo hicho mama huyu aliishi miaka 34 mingine akifundisha, akiwapa watu mantra, yaani maneno matakatifu ya kurudiarudia katika sala, na kusikilizwa na watawa wa mumewe kama mkubwa wao. Vivekananda mwenyewe, kabla ya kuvuka bahari kwenda Chicago mwaka 1893, alimwandikia kuomba baraka zake.

Kupika alipika kweli, na mazingira aliyopikia yanafaa kujulikana. Alizaliwa Jayrambati, kijiji cha Bengal, mashariki mwa India, mwaka 1853, akaozwa akiwa na miaka mitano kama ilivyokuwa desturi ya huko, na mwaka 1872 akamfuata mumewe kwenye hekalu la Dakshineswar, karibu na Calcutta. Akapewa chumba cha chini katika mnara wa wapiga muziki wa hekalu. Mlango wake ulikuwa mfupi hata akawa anajigonga kichwa, na humo ndani alibanana na vyungu, mchele, samaki hai waliotunzwa ndani ya maji, na wageni wa kike waliokuja kulala. Baraza lilizibwa kwa kuta za mianzi, naye akawa anatazama nyimbo za ibada kupitia tundu dogo. Aliamka saa tisa usiku akaoge mtoni Ganges kabla ya mwanamume yeyote kumwona. Alipoanza kujifunza kusoma, Hriday, mpwa wa Ramakrishna, alimpokonya kitabu, akidai kwamba mwanamke akishajua kusoma ataishia kwenye riwaya. Akaendelea kujifunza hivyo hivyo, kwa msichana aliyekuja kuoga mtoni, ambaye alimlipa kwa mboga. Mama huyohuyo ndiye aliyeifungua na kuibariki shule ya wasichana ya Nivedita, mwanafunzi wa Vivekananda aliyetoka Ireland, huko Calcutta, Novemba 1898.

Hata hivyo, kama ningeambiwa nieleze jambo moja tu kuhusu ualimu wake, ningeeleza habari za Amjad.

Karibu na Jayrambati kulikuwa na kijiji cha Shiromanipur, ambacho Waislamu wake walikuwa wakifuga nondo wa hariri. Biashara hiyo ilipouawa na ushindani wa vitambaa vya kigeni, baadhi yao waliingia katika ujambazi, na vijiji jirani vikawa vinawaogopa. Mama Sarada alipojengewa nyumba mpya, kazini walikuwamo watu hao, Amjad akiwa mmoja wao. Siku moja aliketishwa barazani apewe chakula, na Nalini, binti wa ndugu wa kiume wa Mama Sarada, akasimama uani akawa anamrushia chakula kwa mbali ili asinajisike. Mama Sarada alipoona, alimkemea kwamba hakuna mtu anayeweza kula kwa raha akihudumiwa namna ile, kisha akampakulia yeye mwenyewe. Amjad aliposhiba na kuondoka, Mama akapasafisha kwa mikono yake mahali pale alipokuwa amekula. Nalini akapiga kelele kwamba shangazi yake amejipotezea kasti, yaani tabaka lake la kuzaliwa. Akajibiwa kuwa, kama Sarat alivyo mwanawe, ndivyo alivyo Amjad.

Sarat aliyetajwa hapo ni Swami Saradananda, katibu mkuu wa shirika zima la Ramakrishna, mtawa msomi aliyeheshimiwa kote Bengal. Kumweka kwenye mizani moja na mtu aliyejulikana kwa ujambazi, mbele ya jamaa waliokuwa tayari kumtenga, kulihitaji ujasiri ambao siuoni katika hotuba nyingi zinazosifiwa. Aliyesema hivyo alikuwa mjane wa Kibrahmini, tabaka la juu kabisa la Wahindu, kijijini, mahali ambapo kugusa makombo ya mtu wa dini nyingine kulitosha kumletea mtu adhabu ya jamii nzima. Walimu waliohubiri kwamba wanadamu ni wamoja walikuwa wengi, lakini waliochutama wakafuta makombo ya jirani anayeogopwa ni wachache mno, na mimi naona kitendo hicho kina uzito wa kitabu kizima cha falsafa. Hata kwetu zipo nyumba ambamo dada wa kazi ana kikombe chake na sahani yake, na hakuna anayeruhusiwa kuvichanganya na vya wenye nyumba. Anayeishi katika nyumba kama hiyo ataelewa mara moja kilichofanyika pale barazani, bila kufafanuliwa.

Kuna watakaonijibu kwamba Mama Sarada hakuandika kitabu, kwamba mbele ya wanaume wengi alijifunika uso na kuzungumza kupitia kwa mtu mwingine, na kwamba alikubali Radhu, binti wa ndugu yake wa kiume ambaye yeye Mama ndiye aliyemlea, aozwe angali mdogo. Nakubali kwa shingo upande kwamba yote hayo ni kweli, na hilo la Radhu linaniuma. Lakini mwanamke huyohuyo aliyejifunika uso aliketi mwaka 1898 akala pamoja na Nivedita na wenzake wa kutoka ng'ambo, jambo lililowashangaza hata wafuasi wake wa karibu, na katika kituo cha treni cha Bishnupur alimpa mantra mchukuzi wa mizigo aliyemjia akilia, bila kumwuliza ukoo wake.

Vivekananda alitamani pawepo nyumba ya watawa wa kike itakayomtazama Mama Sarada kama chemchemi yake, naye akafariki mwaka 1902 bila kuiona. Mama alifariki Julai 1920. Nyumba hiyo, Sri Sarada Math, ilianzishwa mwaka 1954 huko Dakshineswar, kando ya mto uleule alioogea gizani, na tangu mwaka 1959 inajitegemea: wanawake ndio wanaoiongoza, na wao wenyewe ndio wanaowaingiza wenzao katika utawa, bila idhini ya mwanamume yeyote.