Sola imesamehewa VAT, ila si kwangu

Jamani, nimetoka sokoni Mwanjelwa, Mbeya, na hasira zangu. Nilifuata paneli ya wati 100 ya kumnunulia mama aliyeko Tukuyu. Nikaomba punguzo, muuzaji ananijibu, "Kaka, hapo kuna VAT, asilimia 18." VAT ipi? Paneli ya sola imesamehewa kisheria! Ungesema waya na swichi, ningekuelewa. Nikamwambia basi nipe risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, niione hiyo VAT. Ghafla mashine mbovu, tangu juzi.

Na kwa ukungu ule wa Tukuyu, jua lenyewe la kubahatisha, bado nilipie kodi hewa?

Nimenunua hivyohivyo. Ningefanyaje, na mama anachajisha simu dukani kwa hela kila siku?