Ndugu uliye mbele yangu, kaa chini!

Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007, una nafasi ya watu wapatao 60,000, tena wa kukaa. Viti, jamani! Sasa kwa nini siku ya mechi ya watani Simba na Yanga mtu alipie kiti halafu akipande kwa viatu dakika tisini nzima?

Goli, tunasimama wote. Penalti, sawa. Hata kadi nyekundu naelewa. Lakini goli kiki? Kipa anafunga kamba za viatu nawe umesimama! Unatazama nini? Nyuma yako yupo mzee wa watu katoka Mbagala asubuhi, kapiga foleni getini na jua la utosi, kabanwa mbavu, kapekuliwa mpaka chupa ya maji kaiacha nje, na sasa anatazama mgongo wako. Mgongo! Na yule mtoto aliyeletwa na baba yake aone nini, mkanda wa suruali yako?

Ukimgusa bega kwa adabu, "Kaka, samahani, tukae kidogo," anakugeukia macho makavu: "Huu ni mpira! Unataka kukaa, nenda kibanda umiza ukatazame kwenye TV." Hee! Kwani tiketi yangu ya mzunguko, yaani viti vya kawaida, imeandikwa njoo usikilize kelele?

Kisha goli linaingia, uwanja unalipuka, na sisi wa nyuma tunaulizana, "Nani kafunga? Kafungaje?" Wenzangu wa viti vya nyuma mnanielewa. Kaa, ndugu yangu. Kiti ni chako, umekilipia. Kaa!