Mkasi wa Mfukoni: Tazama Springi Kwanza

Mtu akinunua kisu cha kukunja chenye zana nyingi, jicho lake huenda kwenye kisu, kisha kwenye praizi. Mkasi hauulizwi. Ilhali uzi unaoning'inia kwenye shati, pakiti ya maziwa, plasta ya kidonda, lebo ya nguo mpya na kucha iliyokatika vyote ni kazi ya mkasi. Kisu hutaka kitu kilichokazwa au kulazwa juu ya ubao. Mkasi hukata hata kitu kilicholegea mkononi. Kwangu mimi zana ya mfukoni ichaguliwe kwa mkasi wake, na mkasi wenyewe uchaguliwe kwa springi na egemeo lake, yaani pale vipande viwili vya kukatia vinapoungana na kuzungukia, si kwa urefu wa makali.

Tuanze na ile inayojulikana zaidi, Classic SD, kisu kidogo cha kampuni ya Uswisi ya Victorinox. Ikikunjwa ina urefu wa milimita 58 na uzito wa gramu 21 hivi, kwa hiyo hukaa kwenye funguo bila kusumbua. Mkasi wake hukata uzi, plasta, kucha na nailoni nyembamba kwa usafi kabisa. Usiupe katoni. Mabapa yake, yaani vile vipande viwili vya kukatia, ni membamba, na yakikutana na kitu kinene husukumwa yaachane. Kitu hakikatiki, kinajikunja katikati yao. Ukiendelea kulazimisha, egemeo linalegea, na hata karatasi itaanza kujikunja vilevile.

Visu vya kampuni hiyohiyo vya milimita 91, kama Compact, Climber na Huntsman, vina mkasi wa daraja jingine. Kishikio ni kirefu cha kutosha kidole gumba, mabapa ni manene zaidi, na matoleo ya miaka ya karibuni yana skrubu kwenye egemeo. Kwa mtu anayetaka mkasi mmoja wa kila kitu, huu ndio ninaoupendekeza bila kusita. Udhaifu wake ni springi: kibati chembamba kilichochomekwa kwenye kishikio, kinachousukuma mkasi ufunguke kila unapoachia. Hukatika pale kilipopinda, hasa kikishika kutu ya jasho au hewa ya pwani. Bahati nzuri springi hiyo huuzwa peke yake, na kuibadilisha ni kuitoa ya zamani kwa praizi ndogo na kuchomeka mpya.

Wengi huivunja wakati wa kukunja. Kwanza bana vishikio mpaka mkasi ufunge kabisa, hakikisha springi imelala ndani ya nafasi yake, ndipo uukunje. Springi ikichomoza pembeni itagonga zana ya jirani, itapinda, na haitarudi kuwa ilivyokuwa.

Wenger, kampuni ya Uswisi iliyonunuliwa na Victorinox mwaka 2005, iliepuka tatizo hilo kwa kutumia kiwenzo kidogo, yaani kipande cha kusukumia, kinachoegemea springi ya mgongo ya kisu chenyewe. Hakuna kibati cha kukatika. Bapa moja lina meno madogo sana yanayozuia kitu kuteleza, na kwa kamba ya nailoni au kitambaa chenye utelezi tofauti unaiona mara moja. Mtindo huo umebaki kwenye visu vya Victorinox viitwavyo Evolution, vya milimita 85. Ubaya wake ni kwamba meno hayo hayanoleki kirahisi nyumbani.

Kwa Leatherman, kampuni ya Marekani ya zana za kukunja, mambo ni mawili tofauti kabisa. Micra imejengwa kuzunguka mkasi: unafungua vishikio, na hivyo hivyo vinakuwa vishikio vya mkasi, kwa hiyo mkono mzima unafanya kazi badala ya kidole kimoja. Ina gramu 51 hivi, na kwa anayekata kitambaa au bandeji mara nyingi inastahili uzito huo. Wave+ ni kinyume chake. Mkasi wake umefichwa ndani, lazima kwanza ufungue praizi ili uufikie, kisha unakata uzi huku umeshika chuma cha gramu 241. Unakata vizuri, lakini kwa usumbufu huo mwenye nao ataishia kukata uzi kwa meno.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio mawili. Funga mkasi na uutazame kwa upande ukielekea mwanga: mabapa yawe yamegusana kwenye ncha, na katikati pawe na uwazi mwembamba. Ni kupinda huko kunakoyafanya yabanane pale tu yanapokata. Kisha kata karatasi laini ya chooni kwa ncha tu. Ikijikunja badala ya kukatika, uache. Visu vya kuiga vinavyouzwa barabarani hushindwa hapa, kwa sababu ribiti zake zimegongwa ovyo.

Vitu vigumu kidogo vikate karibu na egemeo, ambako nguvu ni kubwa, si kwa ncha. Waya usikatwe kabisa. Hata wa shaba unaweza kuacha pengo kwenye makali. Baada ya kukata selotepu au plasta futa mabapa kwa spiriti, maana gundi inayobaki hufanya mkasi uonekane butu wakati makali ni mazima. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye egemeo linatosha, na ziada ifutwe isishike vumbi la mfukoni.

Ukiwa umekuwa butu kweli, noa upande wa nje tu, ule wenye mwinamo, kwa tupa laini na kwa kufuata pembe uliyoikuta. Upande wa ndani, bapa linapogusana na mwenzake, usiuguse isipokuwa kuondoa vichembe vya chuma vilivyobaki kwenye makali baada ya kunoa, kwa pitisho moja jepesi lililolala kabisa. Ukiuchonga huo, mabapa hayatakutana tena. Kukata karatasi ya msasa, kama wengi wanavyoshauri, husawazisha makali yaliyopinda kidogo, lakini hakurudishi pembe iliyokwisha.