Ukimkopesha rafiki, hesabu umempa?

Siku hizi ushauri ni mmoja: rafiki akikuomba mkopo, mpe kiasi ambacho hata kisiporudi hutakosa usingizi. Hesabu imekwenda. Ushauri huu naelewa ulikotoka. Kukopa harusi, kulipa matanga, na aliyewahi kudai shilingi 200,000 kwa miezi saba anajua kuwa matanga hayo hukaliwa nyumba zote mbili. Anayedai hugeuka mkaguzi: akimwona mwenzake na gauni jipya, anapiga hesabu. Anayedaiwa hubadili njia ya sokoni na simu hapokei, mara nyingi kwa aibu kuliko jeuri. Kisha kila mmoja anamsimulia mtu wa tatu, na hapo ndipo urafiki unapoumia hasa.

Hata hivyo, ushauri huo unamfaa mwenye ziada. Mama ntilie aliyekatikiwa mtaji anamwendea shoga yake ambaye jana kapokea zamu yake ya upatu, na hela hiyo nayo ina kazi yake, ada ya mtoto au kodi ya chumba. Huyo hana cha kutoa na kusahau. Akikataa, mwenzake ataangukia mikopo ya kausha damu, ambako rejesho ni la kila siku na godoro linaweza kubebwa. Au atakopa kwenye simu, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Kwa hiyo kusema “tusikopeshane marafiki” ni kumwacha mtu mikononi mwa hao.

Tena kuna jambo linaloniudhi katika kumpa mtu mkopo huku moyoni umeshauita sadaka. Umemhukumu kuwa halipi kabla hajajaribu, na yeye hajui. Mdomo unasema umesamehe, lakini siku mkigombana deni hilo ndilo linalotangulia.

Surat al-Baqara, aya ya 282, inaagiza deni la muda liandikwe. Aya mbili kabla yake inataka aliyekwama apewe muhula. Sisi tunaona kuandikiana na rafiki ni kumvunjia heshima. Ajabu, ujumbe wa muamala umeshaandika kiasi na tarehe. Kinachokosekana ni siku ya kulipa, na hiyo tunaona haya kuitaja.

Mimi niliwahi kudaiwa 80,000 na rafiki yangu wa tangu shule. Siku tuliyokubaliana ilipofika sikuwa nazo. Nilikaa na simu mkononi nusu saa nzima, kisha nikampigia kabla hajanipigia. Alikasirika, na alikuwa na haki, maana alishapanga kuzilipia kodi. Jioni ile nikamtumia 20,000 na ya kutolea, nikamtajia Ijumaa tatu zilizofuata.