Nimetembea Kyoto nzima nikiwa marehemu

Jamani mi nilikuja Japani kwa semina tu, wenyeji wangu wakasema usiondoke hujaiona Gion Matsuri, sherehe ya mwezi wa 7 iliyoanza mwaka 869 watu wakiomba tauni iwatoke. Sawa. Ila hakuna aliyenitajia joto. Mi mtu wa Tanga, jasho nalijua, lakini Kyoto ina milima pande tatu na upepo umekatazwa kuingia, ni kama umejifunika blanketi bichi halafu mtu akakukalia.

Jioni ya tarehe 16 barabara zinafungwa, magari hakuna, vibanda vya vyakula kila mahali. Nikajitosa dukani nikanunua yukata, ile nguo yao ya pamba ya kiangazi, saizi kubwa kuliko zote na bado imeishia kwenye muundi. Na geta, viatu vya mbao, ambavyo havikunitisha maana bibi yangu alikuwa na mitalawanda ya kwendea chooni, ila yeye hakuivaa masaa manne mfululizo.

Nikaingia mtaani kifua mbele, nikapiga picha nikarusha status. Watu wananitazama, mi najua nimependeza. Mara bibi kizee mmoja huyo, akainama, akainama tena, akaanza kunifungua mkanda katikati ya njia! Nikashika nguo mikono miwili, bibi taratibu mi mume wa mtu! Kijana wa pembeni ndo akanionyesha tafsiri kwenye simu, kwamba upande wa kushoto ndo unakaa juu, ukilaza wa kulia juu hivyo wanavalishwa maiti. Yani mitaa yote ile nawapungia watu mkono, kumbe marehemu.

Nikaenda kujipoza na takoyaki, viduara vya unga ndani kuna pweza. Pweza! Nikatupia kimoja kizima mdomoni, nje vuguvugu, ndani uji umetoka jikoni sekunde hiyohiyo, kumeza siwezi kutema aibu, na hicho kipande cha pweza ni punje ya hindi, wauzaji wa Forodhani wangenicheka. Sa pa kutupa kisahani sipaoni. Natembea nacho, natembea nacho, hadi nikakuta vijana wanalinda mapipa wakanipokea taka zangu wakazichambua, kijiti huku, chupa huku, kifuniko kule. Airport sijawahi kukaguliwa hivyo.

Kesho yake yale magari ya mbao ya sherehe, yanayovutwa na watu mitaani, ngoja niseme ukweli, hapo nilinyamaza. Kubwa lina tani kama 12, fremu imefungwa kwa kamba bila msumari na magurudumu hayakati kona, so wanatandika mianzi chini, wanamwaga maji, wanavuta kwa kelele linateleza kiubavu. Nimeliona nusu ya juu, nusu ya chini ilizibwa na mwamvuli wa mtu.

Usiku nafungua simu, picha ya status bado ipo, mke wangu kaandika umependeza baba. Mwenyeji wangu kaweka vile viganja viwili vilivyokutana, sa sijui ananipongeza au ananipa pole ya msiba.