Stima ya Langobaya hutupita juu

Juzi saa saba mchana stima ilipotea, ikarudi usiku wa manane. Shangazi yangu huuza samaki hapa Malindi. Friza ilikuwa imejaa kolekole na tasi. Kufikia magharibi maji mekundu yalikuwa yakichuruzika sakafuni, naye ameinama anayapangusa kwa leso kuukuu. Akaniuliza, "Mwanangu, si mlisema tumejengewa sola?"

Tumejengewa. Kule Langobaya, humu humu Malindi, upo mtambo wa sola wa megawati 52, ulioanza kazi mwishoni mwa 2021. Na saa saba ile jua lilikuwa la utosi.

Nilimweleza hivi: mtambo kama ule hufuata mdundo wa gridi, yaani mapigo ya umeme unaopita kwenye laini kubwa. Laini kubwa ikikatika, nao hujizima, usije ukamuua fundi aliye juu ya nguzo akidhani waya umekufa. Hilo ni sawa kabisa. Nisilolikubali ni sisi kuishia hapo, miaka nenda miaka rudi, tukingoja laini ndefu itokayo Rabai, kule karibu na Mombasa, itengenezwe ilikokatikia. Ziwekwe betri kubwa huku huku kwetu, pamoja na inveta, zile mashine za kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, zinazoweza kuanzisha mdundo zenyewe, na swichi za kuutenga mji na laini iliyoharibika. Hospitali, pampu za maji na barafu ya wavuvi zipate stima kwanza, wengine tungoje. Betri hizo hizo zingetunza jua la mchana hadi saa moja jioni, wakati kila nyumba inawasha taa.

Halafu kuna mita. Nilipopiga simu kuripoti niliulizwa niko karibu na transfoma gani. Saa nne nzima mtaa hauna stima, na anayeniuzia ananiuliza mimi shida iko wapi! Mita za kisasa hujiripoti zenyewe zikikosa umeme.

Betri ni ghali, haya. Na samaki je, waliokotwa?

Wenzetu wa Lamu walipopinga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi, hadi leseni ya mazingira ikafutwa Juni 2019, waliambiwa hawataki maendeleo. Watu hawa waliishi na ngurumo za jenereta za dizeli miaka mingi kabla ya gridi kuwafikia. Stima waliitaka. Moshi ndio walioukataa.

Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mwenye sola ya paa kurudisha ziada kwenye gridi. Ni jambo zuri, wenye hoteli watafaidi. Shangazi amepanga chumba, paa si lake.

Kolekole aliwapasua usiku ule ule, akawatia chumvi wawe ng'onda. Tasi aliwazika nyuma ya nyumba, maana hawezi kumuuzia mtu kitu kilichoharibika. Leo asubuhi hakwenda kununua samaki. Anangoja aone kama stima itakaa.